Feri ya Dover wamenipiga: nilikwepa handaki ili niokoe hela, nimeishia kulipa zaidi

Wakuu, salaam. Nina hasira za wiki tatu, kwa hiyo mtanivumilia uzi ukiwa mrefu.

Niko Leicester na familia. Mwaka jana tulinunua karavani iliyotumika, yaani tela lenye nyumba ndani: vitanda vinne, jiko la gesi, friji, na choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango. Agosti tukaamua kuivuta hadi Ufaransa, Vendée, ile pwani ya magharibi, wiki mbili. Ukitoka Uingereza na tela njia mnazijua: feri ya Dover hadi Calais, saa moja na nusu hivi, au treni ya kupitia handaki la chini ya bahari, Folkestone hadi Coquelles, dakika 35. Zipo na feri ndefu za Newhaven na Portsmouth, ila bei zake za Agosti niliziangalia nikafunga kompyuta.

Shemeji yenu alitaka handaki toka siku ya kwanza. Huyu ni mtu wa Ukerewe. Septemba 2018 MV Nyerere, kile kivuko cha Ziwa Victoria, ilipozama pale Ukara yeye alikuwa huku, na siku tatu hakuweka simu chini. Tangu hapo chombo cha kubeba magari na watu juu ya maji ukimtajia anabadilika sura. Hoja yake ilikuwa fupi: kwenye handaki unaingiza gari behewani, unakaa humohumo ndani ya gari lako, watoto wanakula biskuti zao, mnatokea Ufaransa. "Malkia mwenyewe alilizindua na Rais wa Ufaransa 1994, wewe nani ulikatae?"

Mimi nikajibu kwa ujuaji wangu. Nikamkumbusha Agosti 2022 treni ilipokwama humo ndani, watu wakashushwa wakatembea kwenye handaki dogo la huduma, chini ya bahari, na mizigo na watoto. Akasema afadhali kutembea kuliko kuogelea. Hapo sikuwa na jibu, nikahamia kwenye hela.

Hesabu ilikuwa hivi. Handaki kwenda na kurudi, gari na karavani pamoja, paundi 447. Feri, kwenye tovuti niliyokatia tiketi, paundi 312. Tofauti 135. Kwa paundi 135 familia inakula wiki nzima. Juu ya hapo kuna mjuaji mmoja kazini aliniambia handakini hawapokei karavani yenye mtungi wa gesi. Wakuu, huo ni uongo, msidanganywe kama mimi. Wanachokataa ni gari linalotembea kwa gesi, ile LPG. Mitungi ya kupikia inapita, mmoja usizidi kilo 47, na kama ni zaidi ya mmoja jumla isizidi kilo 50. Wangu una kilo 6. Nilikuja kusoma hayo nimeshakata tiketi ya feri.

Basi tukaondoka saa tisa usiku. Huku ukivuta tela barabara kuu mwisho ni maili 60 kwa saa, na njia ya kulia kabisa huruhusiwi, kwa hiyo tulikwenda taratibu nyuma ya malori. Kwenye barabara kuu ya M20, kabla hujafika Dover, unapita kibao cha handaki, njia ya kutokea namba 11A. Shemeji yenu akakisoma kwa sauti. Neno kwa neno. Sikujibu, nikapitiliza.

Saa mbili na dakika 35 asubuhi tuko bandarini, meli yetu saa nne na dakika 40. Zaidi ya saa mbili mkononi, maana nilijua polisi wa mpaka wa Ufaransa wanakagua paspoti palepale Dover, na mwenzangu ana paspoti ya Tanzania yenye viza ya Schengen. Walimuuliza tunafikia wapi, akatoa karatasi ya kambi, bima, kila kitu. Dakika 25 tukamaliza, yule afande akamwambia likizo njema. Huko sina lawama.

Balaa likaanza kwenye kibanda cha tiketi. Dada wa dirishani akatazama kompyuta, akatazama karavani, akainua simu. Akaja kijana wa koti la njano na tepu. Akapiga goti akaanzia kwenye ule mkono wa chuma wa mbele unaoshika kwenye gari, akatembea hadi nyuma kabisa, akapita mwisho wa karavani, akaenda kushika tairi la baiskeli ya binti yangu iliyokuwa kwenye kibebeo. Akasoma: mita 7.4. Kwenye tiketi mimi nimeandika 5.4.

Kabla hamjanirukia: 5.4 sikuiota. Ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha karavani, mstari wa "urefu". Baadaye nimegundua ni urefu wa chumba kwa ndani. Mkono wa chuma haumo, baiskeli hazimo. Na ile tovuti ilikuwa na kisanduku kimoja tu, "urefu wa karavani", hakuna mchoro, hakuna neno "pamoja na mkono wa kuvutia", hakuna chochote kuhusu baiskeli. Masharti yenyewe yapo, nimeyakuta, kwenye ukurasa mwingine, chini, maandishi ya sisimizi.

Sawa. Nimekosea, nilipe. Paundi 58 kwenda na 58 kurudi. Nikatoa kadi nikalipa 116, roho inauma lakini nikalipa. Kama yangeishia hapo nisingefungua huu uzi.

Sasa sikilizeni. Ili hiyo tiketi irekebishwe wakatuambia tusogee pembeni, tuegeshe, tusubiri tuitwe. Tukasubiri. Nikaenda dirishani mara mbili, mara zote jibu ni moja, "mfumo unashughulikia". Saa nne na dakika 20 nikamwona yule kijana wa tepu anakunywa chai, nikamuuliza, akasema yeye kazi yake kupima. Saa nne na dakika 35 nikaitwa. Dada akasema kwa upole kabisa: samahani, meli imeshafunga kupakia. Inayofuata yenye nafasi ya gari refu ni saa tisa na dakika kumi alasiri. Na kwa kuwa umekosa safari yako, kuna ada ya kubadili tiketi, paundi 45.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia dada, mimi nimefika hapa saa mbili na nusu, ninyi ndio mmenikalisha pembeni. Akasema mfumo unaonyesha abiria hakuwa kwenye foleni ya kupakia muda wa mwisho. Ningekuwaje kwenye foleni na karatasi zangu unazo wewe? Akarudia sentensi ileile, safari hii polepole, kama vile tatizo ni Kiingereza changu. Hapo ndipo damu ilipochemka. Mnanichelewesha ninyi, halafu mnanitoza mimi kwa kuchelewa!

Nikalipa. Ungefanya nini, una watoto wawili, tela nyuma, na kambi Ufaransa umeshalipia?

Pigeni hesabu wenyewe: 312, ongeza 116, ongeza 45. Ni 473. Handaki lilikuwa 447. Nimemuingiza mke wangu kwenye kitu anachokiogopa kuliko vyote duniani, kwa paundi 26 zaidi.

Na kwa muda wa saa nne na nusu alikaa kwenye kiti cha mbele anaitazama bahari. Upepo ulikuwa umeanza, yale mawimbi madogo meupe. Tulipopanda, kwenye feri gari unaliacha chini na wewe unapanda juu, yeye hakwenda mgahawani na sisi. Alisimama karibu na masanduku ya maboya, akasoma maelekezo yote, akayahesabu masanduku, akaja kuniambia upande wetu yapo sita. Huo ndio mchango wake pekee wa maongezi hadi Calais.

Calais forodha wakatusimamisha wakachukua sambusa zetu za nyama, thelathini, alizikaanga yeye usiku ule. Hilo simlaumu mwenye feri, nyama na maziwa kutoka Uingereza haviingii Ulaya siku hizi upite juu au chini. Nalitaja tu mjue hali ya hewa ndani ya gari ilivyokuwa. Kambi ya usiku karibu na Rouen tukafika mapokezi yamefungwa, tukalala kwenye maegesho ya barabara kuu katikati ya malori ya Poland. Vendée kwenyewe kulikuwa kuzuri sana, nitaandika siku nyingine nikipoa.

Tuliporudi nikaandika barua pepe ya malalamiko, nikaambatanisha risiti ya polisi wa mpaka? Hapana, hawatoi. Niliambatanisha risiti ya kahawa niliyonunua palepale bandarini, ina saa: 08:52. Siku 19 kimya. Jibu likaja: urefu wa chombo ni pamoja na mkono wa kuvutia na mzigo wowote uliochomoza, abiria ana wajibu wa kufika kwenye foleni kwa wakati. Kuhusu kunikalisha pembeni, hata nukta. Mwisho wakanipa vocha ya paundi 20, itumike ndani ya miezi sita, kwenye feri yao. Yaani nirudi Dover na karavani mwezi wa kwanza, kwenye baridi ile, ili nikomboe paundi 20!

Nilipokuwa Kigamboni pantoni ilikuwa mia mbili kwa kichwa, na hata mtoto wa darasa la pili alijua ni mia mbili. Lina matatizo yake lile pantoni, nisiseme, lakini hajawahi kuja mtu na tepu wakati umeshasimama getini.

Ninachohitaji kutoka kwenu ni kitu kimoja. Ile 116 nimeisamehe, sitaki kuirudia. Nataka ile 45. Kuna mtu humu amewahi kurudishiwa ada ya kuchelewa aliyosababishiwa na wao wenyewe? Ulipitia benki, yaani kupinga malipo ya kadi, au ulikwenda mahakama ya madai madogo? Ilichukua muda gani? Risiti zote ninazo, na picha ya yule kijana na tepu ninayo, aliipiga binti yangu.

Na wale wa "ulipaswa kusoma masharti", msijisumbue kuandika. Shemeji yenu ameshaniambia, na kiangazi kijacho tiketi anakata yeye.