Juniperi ya kitaluni: nikate matawi na kuhamisha chungu siku moja?

kijani_arusha: Wakuu, nina juniperi ya kitaluni (mti wa jamii ya misonobari), bado imo kwenye kiroba cheusi. Urefu sm 60, shina kama kidole gumba, matawi yamesongamana hadi chini. Nataka iwe bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni unaotengenezwa ufanane na mti mkubwa. Naweza kukata matawi na kuihamishia chungu kifupi kwa mkupuo mmoja?

mkasi_mkali: Usifanye hivyo mkuu. Juniperi hutegemea sana majani yake kujenga mizizi mipya. Ukipunguza vyote viwili pamoja unaimaliza. Mwaka huu shughulika na matawi tu.

Fukua udongo wa juu taratibu mpaka uone mizizi mikubwa inapotawanyika. Shina linaanzia hapo, na mara nyingi ni nene kuliko ulivyodhani. Ndipo uchague upande wa mbele. Panapotoka matawi matatu au zaidi sehemu moja, bakiza mawili, la sivyo shina litavimba pale. Usitoe zaidi ya theluthi ya majani. Na kila tawi unalobakiza lazima liwe na kijani chake: likishakuwa tupu halichipui tena, linakauka.

waya_na_gome: Naongezea. Tawi usilolitaka usilikate sawa na shina. Acha kisiki cha sm 3 hivi, kimenye gome, kikauke kiwe jin, yaani kisiki kikavu cha urembo. Waya wa kupindia matawi uwe na unene wa theluthi ya tawi, uuzungushe kwa nyuzi 45, na ukague kila baada ya wiki mbili usije ukazama kwenye gome. Ncha usizinyofoe kwa kucha, zinageuka kahawia. Kata chipukizi refu kwa mkasi, pale linapoanzia. Mti wa majani ya magamba ukianza kutoa ya miiba, umeukata kupita kiasi.

kijani_arusha: Nimeelewa. Na chungu je?

mkasi_mkali: Subiri masika ya mwakani, iwapo itakuwa inachipua kwa nguvu. Usioshe mizizi yote. Badilisha udongo nusu, nusu nyingine safari ijayo. Tumia changarawe nyepesi ya volkano ya mm 3 hadi 6, uichekeche na vumbi ulitupe, maana ndilo linaloziba hewa na kuozesha mizizi. Ufunge mti kwa waya kupitia matundu ya chungu. Ukitikisika, mizizi michanga inakatika. Kisha kivuli chepesi kwa wiki tatu.

Ikae nje daima. Juniperi iliyokufa hubaki kijani wiki kadhaa, hivyo usisubiri rangi ibadilike ndipo uikague. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe: vidoa vikitembea, ni utitiri.