Gharika ya Nuhu na utenzi wa Gilgamesh: je, Waebrania waliiba?

Wadau, hoja hii kila ikiletwa huishia kwenye matusi. Wa upande mmoja wanasema kisa cha Nuhu kimenakiliwa Babeli, kwa hiyo Biblia ni kitabu cha wizi. Wa upande wa pili wanajibu kwamba vibao vya udongo vyenye hadithi ya gharika ya Babeli ni hila za wasioamini. Mimi ni Mkristo, nafundisha watoto kanisani, na siafikiani na upande wowote. Nasema hivi: aliyeandika Mwanzo aliijua hadithi ya Babeli, akaichukua kwa makusudi, kisha akaijibu.

Suala la hila tulimalize haraka. Vibao vilifukuliwa Ninawi, karibu na Mosul ya leo nchini Iraq, katikati ya karne ya 19, kwenye maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru wa karne ya 7 KK. Mwaka 1872 George Smith, kijana aliyejifunza kwanza kazi ya kuchonga sahani za kuchapia noti, alisoma kibao cha 11 cha utenzi wa Gilgamesh, shairi refu la kale la Babeli juu ya shujaa wa jina hilo, huko London na kukuta humo gharika, jahazi na ndege. Kisa chenyewe ni cha zamani kuliko maktaba hiyo: utenzi mwingine, wa Atrahasis, tunao katika nakala za karne ya 17 KK. Na kipande cha Gilgamesh kimeokotwa Megido, ndani ya nchi ya Israeli yenyewe, cha kabla Daudi hajazaliwa. Hiyo hadithi ilikuwa jirani.

Sasa tusome. Katika Gilgamesh, mungu Ea anamnong'oneza Utnapishtim, mtu atakayeokoka gharika, kupitia ukuta wa matete: bomoa nyumba, unda jahazi, okoa uhai. Jahazi linapakwa lami. Tufani inapiga siku 6 na usiku 7, jahazi linakwama mlimani, anaachia njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru asiyerudi. Anashuka, anatoa sadaka. Nuhu naye ana lami, mlima, kunguru, njiwa na sadaka, kwa mfuatano uleule isipokuwa ndege wamebadilishana zamu.

Kuna ndugu watasema gharika ilitokea kweli, mataifa yote yanaikumbuka, ndiyo maana visa vinafanana. Naiheshimu hoja hiyo, niliishikilia miaka mingi. Kilichoning'oa ni neno moja. Katika Mwanzo 6:14 lami inaitwa kwa Kiebrania "koferi". Kwingineko Biblia ya Kiebrania ikitaja lami hutumia "hemari" au "zefeti". "Koferi" kwa maana ya lami ipo hapo tu. Na lami ya Utnapishtim kwa Kiakadi, lugha ya Babeli, ni "kupru", ndugu wa neno hilohilo. Kumbukumbu ya mvua haiwezi kuleta msamiati wa mafundi wa majahazi ya mto Frati. Tena Kanaani ni nchi ya vilima isiyo na mto wa kufurika hivyo. Wachimbaji wamekuta matabaka ya tope la mafuriko katika miji ya kale ya Iraq, yaani Uru, Kishi na Shurupaki, mji wa Utnapishtim mwenyewe, ingawa si ya wakati mmoja. Hofu ya maji ni ya watu wa kule. Na Biblia haifichi hilo: inamtoa Ibrahimu Uru.

Kwa hiyo ni wizi? Hapana, na hapa ndipo penye utamu. Katika Atrahasis, miungu wadogo wanachoshwa na kuchimba mifereji, wanagoma na kuchoma zana zao. Binadamu anaumbwa abebe kazi hiyo. Watu wanaongezeka, kelele zinamnyima Enlil, mkuu wa miungu, usingizi, naye anaamua kuwaangamiza. Kosa la wanadamu ni kelele! Mwanzo inasema kosa ni dhuluma: dunia imejaa dhuluma. Gharika ni ileile, lakini mashtaka yamebadilishwa yote.

Baada ya maji kupungua, miungu ya Babeli, iliyoshinda njaa kwa kukosa sadaka, inanusa harufu na kukusanyika kama nzi juu ya mtoa sadaka. Mwanzo 8:21 imeacha harufu palepale: Bwana anaisikia, inamridhisha. Nzi wameondolewa, na njaa pia. Kisha tazama mwisho. Atrahasis inamalizia kwa mpango wa kupunguza watu: wanawake wengine wawe tasa, na pepo awapokonye mama watoto wachanga. Mwanzo 9:1 inamalizia kwa "Zaeni, mkaongezeke". Kila ninapolinganisha sehemu hizi mbili nasisimka. Mtu aliyepoteza kichanga, akiambiwa Babeli kwamba ndivyo miungu ilivyopanga, na akiambiwa vingine na Mwanzo, amesikia dini mbili tofauti kabisa. Washairi wetu wa kujibizana wanalijua jambo hili: anayejibu hushika vina vya mwenzake ili kila msikilizaji atambue anajibiwa nani.

Sisemi Waebrania walipinga kila kitu. Katika toleo la kale la Gilgamesh, mwanamke muuza pombe anamshauri shujaa anayekikimbia kifo: jaza tumbo, furahi usiku na mchana, nguo zako ziwe safi, osha kichwa, mtazame mtoto aliyekushika mkono, mkeo afurahi nawe. Fungua Mhubiri 9:7-9: chakula kwa furaha, divai, mavazi meupe, mafuta kichwani, mke umpendaye, kwa mpangilio unaokaribia kuwa mmoja. Hapo hakuna ubishi. Mhubiri amekubali, amekiri hivyo ndivyo maisha yalivyo chini ya jua. Kwangu hili ni gumu zaidi kuliko gharika, na sijaona mtu akilileta humu.

Basi wanaosema wizi wanieleze: mwizi gani anabadilisha sababu, hukumu na mwisho? Na wanaosema hakuna uhusiano wowote wanieleze hiyo "koferi" imetoka wapi. Waislamu nanyi karibuni, kwa kuwa Qurani inaitua safina ya Nuhu juu ya mlima Judi, na ningependa kusikia mnavyolisoma jambo hili.