Bustani ya katikati ya mji Nakuru: mabenchi na drafti viondolewe ama viachwe?

Wa_Section58 anauliza:

Niaje wakuu. Niko na kaduka ka vitu vya simu hapa town Nakuru, si mbali na bustani, na kwa grupu yetu ya WhatsApp ya wenye maduka kumewaka moto. Kuna wenzangu wanataka tuandikie kaunti barua tukiomba bustani iwekewe masharti, yaani mabenchi yapunguzwe, wazee wa drafti watolewe, wapiga picha na wenye karanga na mayai wafukuzwe, mahubiri ya spika yaishe, halafu ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu awe nje. Sababu zao ni chokoraa, wale watoto wa mtaani, wanaolala pale na chupa za gamu ya kunusa, simu zinanyakuliwa giza likianza kuingia hasa dada zetu wakipita, na harufu ya mkojo kule nyuma kwa ua. Hizo sababu siwezi kuzikataa, naziona na macho yangu.

Lakini moyo umekataa kuweka sahihi. Mchana nikichoka na duka huwa naenda kukaa pale kidogo na naona walioko. Mama ametoka hospitali anapumzika kabla ya kutafuta matatu ya Njoro, kijana na bahasha yake ya kaki ametembeza vyeti asubuhi yote, wanafunzi wa koleji wanagawana chapati. Hawa ukiwanyima benchi wataenda kukaa wapi, kwa hoteli utaulizwa unakunywa nini. Nyinyi mnaonaje? Na kama kuna mtu anajua sheria inasemaje anisaidie kabla sijawajibu hawa watu.

MamaKaptembwo:

Mwanangu mimi niko upande wa hao wenzako, na nisikilizwe vizuri kwanza. Mimi natoka soko jioni na mzigo mgongoni na pesa ya siku nimefunga kwa leso, na kupita hapo karibu naogopa. Msichana wangu alinyakuliwa simu akiongea, alikuwa bado anailipia pole pole, na watu wamekaa kwa mabenchi wanaangalia tu. Nyinyi vijana mnaongea mambo ya haki ya kukaa, na haki yangu ya kupita je? Kama kufunga saa kumi na mbili ndio dawa basi wafunge. Drafti sina shida nayo, wale wazee hata hunisalimia. Hao watoto wa gamu nawaonea huruma sana lakini huruma haiwezi kunirudishia simu.

Picha_Chapchap:

Naomba niongee kama mtu wa pale. Sisi wapiga picha tuko pale kutoka asubuhi, kamera shingoni, printa ndogo kwa begi na betri yake, mtu anakuja na watoto amewavalisha nguo za Krismasi anataka waonekane na maua nyuma, unapiga, unamwonyesha kwa kamera achague, unaprinti anaenda na picha mkononi, na hata hivi simu zimetuharibia kazi bado kuna wateja, hasa watu wametoka mashambani wakija mjini na wale wanataka picha ya kuweka kwa ukuta. Sasa mtu akisema tutolewe ndio wizi upungue mimi namuuliza, nani anawajua hao wezi kwa sura? Ni sisi na mama wa mayai na wale wazee wa drafti, juu tunashinda pale na tunajua nani amekuja kupumzika na nani anazunguka akiangalia mifuko ya watu. Tumeshawahi kumwitia mtu askari kabla hajafika kwa kibeti cha mwenyewe. Ukitutoa sote saa kumi na mbili, yule mwizi hatatoka, atabaki yeye na giza na mtu anayepita kando ya ua, na hapo MamaKaptembwo shida yako itakuwa imezidi, wala siongei hivi juu ya tumbo langu peke yake.

Halafu mkae na hao wazee siku moja mtazame. Ubao wao umepakwa rangi na mkono, vifuniko vya soda ndio kete, moja inaangalia juu na ya mwenzake inaangalia chini. Mchezo ukikaza unakuta watu wamesimama kwa mduara na hakuna anayepumua. Mmoja wao ni mtu wa reli alistaafu kitambo, nyumbani hana wa kuongea naye. Hiyo ndio mnataka kuita uchafu wa mji?

Kijana_Shabab:

Mimi shida yangu ni spika tu. Wahubiri wawili wanashindana umbali wa hatua chache na wa tatu anauza dawa ya meno. Wengine wote waacheni.

Sheria_Kwa_Lugha_Yetu (Kisumu):

Wa_Section58, kwa upande wa sheria iko hivi. Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, bustani za kaunti na sehemu za burudani ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa hivyo ndio, kaunti inaweza kuweka kanuni za saa, za biashara na za usafi. Lakini haiwezi kuamka tu ikabandika notisi, kushirikisha wananchi ni lazima. Na raia pia wana njia yao, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kifungu cha 88 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake. Maana yake wenzako wana haki ya kuandika barua yao, na wewe na mzee wa drafti na Picha_Chapchap mna haki ile ile ya kuandika yenu, na zote mbili zinafaa kusomwa.

Mikutano ni kitu kingine. Ibara ya 37 inatupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma inataka mwenye kuandaa mkutano apeleke notisi kwa polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Hiyo ni notisi, si kuomba ruhusa, watu wengi huchanganya hapo. Nasema hivi kwa sababu baada ya yale maandamano ya vijana ya Juni 2024 kila nikisikia mtu anataka bustani ya mjini iwe ya kupita tu bila kukaa, huwa nauliza ni mwizi anaogopwa ama ni vijana kukutana.

Kuhusu spika, kijana wa mtaa wa Shabab, hauhitaji kanuni mpya hata moja. Kanuni za kelele za 2009 chini ya sheria ya mazingira ziko na zinatosha, zitumike. Na kuhusu wanaolala pale, ile sheria ya zamani ya uzururaji iliyokuwa inafanya mtu ashikwe kwa kukosa kwao ilifutwa 1997. Tusiirudishe kupitia mlango wa bustani.

Mchora_Ramani:

Naongeza kidogo tu. Watu wakisikia bustani iwekewe masharti wanadhani ni kitu kidogo, lakini Nairobi tumeona ardhi ya bustani inavyoweza kuponyoka. 1989 Uhuru Park ilikuwa ijengwe ghorofa 60 ndani yake mpaka Wangari Maathai akakataa hadharani, akatukanwa sana na bado mpango ukafa. Jeevanjee Gardens nayo 1991 ilikuwa iliwe na jengo la biashara na maegesho, Zarina Patel, mjukuu wa yule aliyeitoa kwa watu wa Nairobi, akasimama na wenzake ikabaki. Zote mbili ziliokolewa kwa sababu kuna watu walikuwa wanazitumia na kuzipenda. Bustani ambayo hakuna mtu anakaa haina wa kuitetea siku mwenye tingatinga akija.

Na mfano wa mbali. New York kuna Bryant Park, katikati ya mji kabisa, miaka ya 70 ilikuwa imeshikwa na wauza dawa. Mtafiti anaitwa William Whyte aliitazama akasema shida ni kwamba imefichika, ua mrefu, njia za kuingilia chache, mtu wa kawaida akiingia anajisikia ametegwa. Ikafungwa 1988 ikakarabatiwa, ikafunguliwa 1992, na badala ya kupunguza viti wakaleta viti vya kusogeza, mtu anabeba anaweka penye anataka, kivulini ama juani. Wakaongeza vyakula, taa na vyoo safi. Sehemu ya pesa ilitoka kwa wenye majumba ya pale karibu, wanachanga. Hapo ndio ningewagusa wenzako wa grupu, badala ya barua ya kuondoa mabenchi mchange mlete taa mbili za nguvu, na ule ua wa nyuma ukatwe ufike magotini.

MamaKaptembwo:

Hiyo ya ua kukatwa nimeielewa. Na choo. Choo cha kulipia mtoto wa mtaani hatalipa, atakojoa kwa ua, kwa hivyo harufu itaendelea hata mkiweka askari kumi. Hao watoto nao watafutiwe mahali pa kulala, kuwafukuza usiku ni kuwasukuma kwa veranda yangu. Taa ikiwaka mpaka saa tatu usiku mimi sitasema kufungwa tena, lakini iwake kweli, si iwekwe picha ipigwe halafu ife.

Wa_Section58:

Asanteni sana wakuu, na wewe mama hasa. Nimewaandikia kwa grupu kwamba sahihi yangu kwa hiyo barua siweki, naanzisha nyingine: ua ukatwe, taa, choo cha bure, spika zifuate zile kanuni za 2009, na mabenchi, drafti, wapiga picha na wenye karanga wabaki. Wawili wameshakubali kuchanga pesa ya taa, mmoja ameniblock. Picha_Chapchap, kesho mchana nakuja pale na karatasi, nisaidie kuwafikia wale wazee wa drafti ndio waweke sahihi zao kwanza.

Picha_Chapchap:

Kuja kabla ya saa saba, baada ya hapo wakianza mchezo hawasikii mtu.