Tupeane uzoefu: kukusanya wishlisti za Steam kabla gemu haijatoka

Mwalimu_wa_Piksel

Wakuu, habari za jioni. Swali hili linarudi kila mara, basi tuliweke mahali pamoja. Mtu anatengeneza gemu ya PC, anataka kuiuza Steam, duka la mtandaoni la gemu la kampuni ya Valve, na ana miezi sita au mwaka mbele yake. Afanye nini ili siku ya kutoka awakute watu wanaisubiri kwenye wishlisti, yaani orodha ya gemu wanazozitaka? Naomba hadithi za maisha tuziache kando, tuweke hatua, vipimo, na pale watu wanapokwama.

Naanza na msingi. Ada ya Steam Direct, mpango wa kuingiza gemu dukani, ni dola 100 kwa kila gemu, na hurudishwa gemu ikishaingiza dola 1,000. Ukishalipa, kwa gemu ya kwanza lazima zipite siku 30 kabla hujaruhusiwa kuitoa, na ukurasa wake lazima uwe umekaa wazi wiki mbili au zaidi. Wengi wanazisoma hizo wiki mbili wakadhani ndiyo ratiba. Hapana, hicho ni kiwango cha chini tu cha masharti. Fungua ukurasa mara tu gemu inapokuwa na sura yake ya kweli: picha tano za uchezaji wenyewe na trela fupi. Ukurasa hukaguliwa na watu, kwa kawaida siku 3 hadi 5 za kazi. Wakikuta kosa wanaurudisha, unarekebisha, unapanga foleni tena.

Na tukubaliane wishlisti ni nini. Mteja hajakuahidi pesa. Amekuruhusu umgongee mlango kwa barua pepe, tena mara chache, hasa gemu inapotoka, inapohama kutoka Early Access (kuuzwa ikiwa bado inatengenezwa) kwenda toleo kamili, na punguzo linapofika asilimia 20 au zaidi. Matangazo ya kawaida unayoandika kila wiki hayamfikii kwa barua pepe. Kwa hiyo kazi yote ni kupata watu sahihi, kisha kuhakikisha siku ukigonga, wanakuta nyumba imefagiliwa.

Bi_Rangi

Asante mkuu. Mimi niseme kuhusu kapsuli, yaani ile picha ya jalada, maana ndipo wishlisti nyingi zinapotea kabla mtu hajafika hata kwenye ukurasa.

Vipimo kwa pikseli: kubwa 1232 kwa 706, ya kichwa cha ukurasa 920 kwa 430, ndogo 462 kwa 174. Hiyo ndogo ndiyo yenye shida. Steam yenyewe inaipunguza tena hadi 184 kwa 69, na 120 kwa 45 kwenye orodha na utafutaji. Msanii anachora jeshi zima, milima, mwezi na farasi, kisha anaibana picha ileile kwenye kapsuli ndogo. Kinachobaki ni doa la kahawia. Kapsuli ndogo itengenezwe upya: jina la gemu lijaze karibu nafasi yote, nyuma yake rangi moja au mbili zinazopingana na herufi. Ukitaka kuipima, ipunguze hadi 120 kwa 45, ifungue kwenye simu, nyoosha mkono. Jina lisiposomeka, rudia.

Tangu Septemba 2022 hairuhusiwi kuweka kwenye kapsuli maandishi mengine zaidi ya jina la gemu. Nyota za magazeti, majina ya tuzo, "punguzo sasa", vyote vinakataliwa.

Picha za uchezaji zionyeshe mchezaji anafanya nini, na vitufe na viashiria vya kwenye skrini vibaki vinaonekana. Menyu kuu si picha ya uchezaji. Trela nayo ianze na uchezaji sekunde ya kwanza. Nembo ya studio ikae mwisho, hakuna anayeijua bado.

Kodi_na_Kahawa

Naongeza upande wa linki. Kila mahali unapotangaza, weka alama zake za UTM (maneno ya kutambua mgeni ametoka wapi) mwishoni mwa anwani, kwa mfano `?utm_source=tiktok&utm_campaign=trela1`. Ripoti ya Steamworks, upande wa Steam wa watengenezaji, itakuonyesha waliotembelea na wishlisti zilizotokana na kila linki.

Ila usizisome bila kufikiri. Mtu akibonyeza ndani ya TikTok au Instagram, ukurasa unafunguka kwenye kivinjari cha ndani ya programu ile, ambako hajaingia kwenye akaunti yake ya Steam. Anaombwa nywila, anaahirisha. Usiku anakaa kwenye kompyuta, anaandika jina la gemu, anaongeza wishlisti, na UTM haimwoni. Kwa sababu hiyo jina liwe fupi, lisiloweza kuandikwa namna tatu, na liandikwe kwenye video yenyewe kwa sekunde kadhaa. Siku za kampeni linganisha pia na mwinuko wa jumla kwenye grafu ya wishlisti.

Jambo lingine, na nalisema kwa upendo: kwetu watu wengi wanacheza kwenye simu. Chapisho lako linaweza kupata maelfu ya pongezi kutoka Nairobi na Dar, wishlisti zisisogee. Pongezi zipokee, zinatia moyo, ila muda wa kampeni uupeleke walipo wanunuzi wa PC wa aina ya gemu yako. Na tafsiri ukurasa. Kiingereza na Kichina kilichorahisishwa ndizo lugha mbili zinazoongoza kwa watumiaji wa Steam. Unaweza kutafsiri maelezo ya ukurasa hata kama gemu yenyewe haijatafsiriwa, mradi kwenye jedwali la lugha usidanganye.

Juma_Injini

Demo, yaani kipande cha gemu cha kuonja bure. Hapa ndipo penye utajiri, wakuu.

Steam Next Fest, tamasha la demo za gemu zinazokuja, hufanyika mara tatu kwa mwaka, Februari, Juni na Oktoba, na gemu moja inaruhusiwa kushiriki mara moja tu. Ukiingia na demo mbichi umeichoma nafasi. Usajili unafungwa mapema, kwa hiyo fuata kalenda ya Steamworks. Itoe demo wiki kadhaa kabla ya tamasha, ikusanye makosa wakati watazamaji bado ni wachache. Tangu Julai 2024 demo inaweza kuwa na ukurasa wake, na kuna kitufe cha kuwajulisha wote wenye wishlisti kwamba demo imetoka. Kinabonyezwa mara moja tu, kwa hiyo usikibonyeze siku ileile unapopakia toleo ambalo hujalijaribu kwenye kompyuta dhaifu.

Ndani ya demo weka kitufe cha wishlisti kwenye menyu kuu na kwenye skrini ya mwisho. Kwenye msimbo ni `ActivateGameOverlayToStore`, unaipa AppID, namba ya utambulisho ya gemu huko Steam. Kosa la kila siku: watu wanaacha AppID ya demo. Mchezaji amefurahi, anabonyeza, anarudishwa kwenye demo aliyomaliza kuicheza. Weka AppID ya gemu kamili. Kisha jaribu ukiwa umezima overlei (dirisha la Steam linalofunguka juu ya gemu), maana kuna wachezaji wanaoizima. Kitufe kikinyamaza, kifungue ukurasa kwenye kivinjari badala yake.

Urefu? Dakika 20 hadi 40 zinatosha kwa gemu nyingi. Ikate pale mchezaji anapopewa silaha mpya au mlango mpya unapofunguka, asimalizie mahali pa kupumzika.

Salma_Takwimu

Wengi wanauliza "ngapi zinatosha?" Kuna orodha ya Popular Upcoming (gemu maarufu zinazokuja) kwenye ukurasa wa mbele wa Steam, inayopangwa kwa tarehe ya kutoka. Watu wa soko hutaja wishlisti 7,000 hivi kama kizingiti cha kuingia, ila Valve hawajatangaza namba, basi ichukueni kama makadirio.

Kisha piga hesabu. Chukua wishlisti 5,000, tuseme asilimia 10 wananunua wiki ya kwanza: nakala 500. Kwa bei ya dola 10 ni dola 5,000, Valve wanachukua asilimia 30, zinabaki 3,500 kabla ya kodi na marejesho. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo sehemu ya mauzo ya wanunuzi wa Marekani hukatwa asilimia 30 nyingine. Weka hilo kwenye bajeti leo.

Namba kubwa peke yake haiokoi. Gemu ya Planet Centauri ilikuwa na wishlisti zaidi ya 138,000 ilipotoka Early Access Desemba 2024, ikauza nakala 581 kwa siku tano. Baadaye Valve walikiri kwamba hitilafu ilizuia barua pepe kwenda, na kwamba iligusa michezo isiyofika 100 tangu 2015. Ni nadra, lakini jenga pia orodha yako ya barua pepe na seva ya Discord, ukumbi wa mazungumzo mtandaoni. Na wishlisti za bahati nasibu, "ongeza gemu ushinde kadi ya zawadi", ziogope kabisa: anayetaka kadi hatanunua gemu yako.

Kukadiria mshindani, angalia idadi ya wafuasi wa gemu yake huko Steam, ile inaonekana wazi. Wengi huzidisha kwa 10 kupata wishlisti. Ni kipimo cha macho tu.

Chande_wa_Tanga

Mkuu, na tarehe ya kutoka unaichaguaje? Na punguzo la siku ya kwanza?

Mwalimu_wa_Piksel

Ndugu Chande, usitangaze siku kamili mapema bila sababu, andika robo ya mwaka. Siku ikishabaki ndani ya wiki mbili huwezi kuibadilisha mwenyewe, lazima uwaandikie Valve. Mnakumbuka Agosti 2025: Hollow Knight: Silksong, gemu iliyosubiriwa sana, ilitangaza kutoka Septemba 4, notisi ya wiki mbili tu. Demonschool, gemu nyingine iliyokuwa itoke Septemba 3, ikahamishiwa Novemba kuikwepa. Kuhama si aibu, wateja ni walewale na mfuko ni mmoja.

Punguzo la uzinduzi weka asilimia 10 au 15. Barua ya kutoka inakwenda hata bila punguzo, hivyo huna haja ya kukimbilia 20. Likiisha, unasubiri siku 30 kabla ya punguzo lingine. Hiyo 20 itunze kwa wakati huo, ndipo waliobaki kwenye wishlisti wataandikiwa tena.

Juma_Injini

Nyongeza kwa Chande: gemu haitoki yenyewe tarehe ikifika. Toleo lipelekwe kukaguliwa siku saba za kazi kabla, lipitishwe, kisha wewe mwenyewe ubonyeze kitufe cha kuachia. Wengi hubonyeza saa 4 asubuhi ya Seattle. Kwa saa zetu ni saa 2 usiku Marekani wakiwa kwenye saa za kiangazi, na saa 3 usiku majira yao ya baridi. Hakikisha umeme na bando vipo, na mwenzako mmoja mwenye ruhusa kwenye Steamworks awe mji mwingine.