Binamu ameshtakiwa kwa shambulio Kisumu, mlalamikaji anataka 30,000 "amalize kesi". Tulipe?

Nyota_Kondele
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua kesi za jinai. Binamu yangu ni mwendesha boda hapa Kondele. Abiria alikataa kulipa nauli waliyokubaliana, akamshika kola na kumpiga ngumi, naye akamjibu kwa helmeti iliyokuwa mkononi. Abiria alipasuka juu ya jicho, akashonwa. Hati ya mashtaka inataja kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu. Binamu amekana, yuko nje kwa dhamana ya pesa taslimu, na kesi inatajwa wiki ijayo. Sasa jamaa za abiria wanapiga simu: leteni 30,000 yaishe. Tukilipa, kesi inakwisha kweli? Helmeti inafanya kosa kuwa zito zaidi? Au akiri tu atozwe faini? Wakili bado hatujapata.

Utetezi_Nyanza
Msitume hata shilingi kwa simu. Kesi ya jinai inaendeshwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si mlalamikaji. Anaweza kupokea pesa zenu leo na kesho akaitwa kwa samansi atoe ushahidi. Na kiongozi wa mashtaka akisikia mnawapigia mashahidi, ataomba dhamana ifutwe, na hakimu atamsikiliza.

Mapatano yenyewe yanaruhusiwa. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamruhusu hakimu kuhimiza usuluhishi kwenye shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyofika kiwango cha felonia (kosa zito la jinai) wala kuzidi kwa uzito. Kosa la 251, japo adhabu yake inafika miaka 5, sheria inaliita kosa dogo, kwa hiyo mlango uko wazi. Njia safi ni hii: siku ya kutajwa, mwambieni hakimu wazi kwamba mnaomba muda wa kuzungumza. Andikeni makubaliano, muweke humo kwamba malipo ni ya matibabu na si kukiri kosa. Kisha mlalamikaji mwenyewe asimame mbele ya hakimu aombe kuondoa malalamiko chini ya kifungu cha 204 cha sheria hiyohiyo. Hakimu anamuuliza kama ameshurutishwa. Akiridhika, mshtakiwa anaachiliwa huru kabisa.

Angalieni tofauti hapa, maana wengi hupigwa chenga. Upande wa mashtaka ukiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria hiyo kabla binamu hajaitwa kujitetea, anaachiliwa tu, na anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Kwa hiyo kabla pesa haijatoka mfukoni, ulizeni ni kifungu kipi kitaandikwa kwenye rekodi.

Mama_Sheria
Kwa swali la helmeti: kinachopandisha kosa ni jeraha zaidi ya kifaa. Madhara makubwa, kifungu cha 234 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, na tafsiri yake inagusa pia kuharibika kwa sura kwa kudumu. Kovu juu ya jicho ndilo linaloniogopesha. Hati ya mashtaka inaweza kurekebishwa kesi ikiendelea (kifungu cha 214 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai), ila lazima asomewe upya na ana haki ya kuomba mashahidi warudi awahoji tena.

Kwa hiyo someni P3, ile fomu ya polisi ya ripoti ya daktari kuhusu jeraha, mstari kwa mstari. Sehemu ya kwanza hujazwa na polisi, inayofuata na daktari. Linganisheni tarehe ya tukio, tarehe ya kutibiwa kwenye karatasi za hospitali, na tarehe daktari aliyojaza fomu. Tazameni umri wa jeraha alioukadiria, aina ya silaha aliyodhani, na alichoandika kuhusu hali ya nguo. Ikisema "kitu chenye makali" wakati ushahidi wote ni wa helmeti, hapo pana swali la kumuuliza daktari. Kisanduku alichoweka alama ni maoni yake. Mwenye kuamua uzito wa jeraha ni mahakama.

Nyota_Kondele
Asante sana mama. Hizo karatasi hatuna, tulionyeshwa hati ya mashtaka tu.

Mama_Sheria
Ziombeni mahakamani, zirekodiwe: taarifa za mashahidi, P3, karatasi za matibabu. Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba inampa haki ya kuupata ushahidi mapema. Asikubali kesi ianze kusikilizwa kabla hajazisoma.

Kibuye_Mkongwe
Akiri tu, kosa la kwanza watampa faini ndogo. Mambo ya vifungu yatawachosha.

Utetezi_Nyanza
Ndugu, huo ushauri utamuumiza kijana wa watu. Akikiri, hawezi tena kukata rufaa juu ya hatia, ni juu ya adhabu peke yake. Rekodi itamfuata kila akienda kuomba cheti cha tabia njema. Na ana utetezi halisi: alianzwa.

Kujitetea kunatambuliwa na kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, lakini hakimu atapima mambo matatu: nani alianza, nguvu iliyotumika ililingana na hatari, na je, alisimama hatari ilipokwisha? Pigo moja akiwa bado ameshikwa kola ni utetezi. Pigo la pili mtu akishaanguka ni shambulio jipya. Utetezi huu utoke mapema, mlalamikaji anapohojiwa: "Ulimshika kola? Ulimpiga ngumi kwanza?" Ukisikika mara ya kwanza siku ya kujitetea, hakimu ataona umebuniwa baadaye. Ukishaibuliwa, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuuvunja.

Alipigwa ngumi, je, aliripoti? Kama la, aende stesheni apate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na P3 yake, hata kama amechelewa. Kuchelewa kutaulizwa, lakini ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu.

Stejini_Manyatta
Kama kuna duka la M-Pesa lenye kamera hapo, kimbieni leo. Rekodi mpya hufuta za zamani. Aliyeitoa picha kwenye mtambo aandike pia cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, la sivyo itapingwa. Na waendesha boda waliokuwepo waandike majina na namba zao sasa, kabla hawajahama steji.

Nyota_Kondele
Kamera ipo, naenda sasa hivi. Wiki ijayo aseme nini akiitwa?

Utetezi_Nyanza
Aseme hivi: "Mheshimiwa, naomba nipewe taarifa za mashahidi na P3, na muda wa kutafuta wakili." Kama mapatano yameiva, aongeze hilo. Asieleze kisa siku hiyo, na asikose kufika: akikosa, hati ya kukamatwa inatolewa na pesa ya dhamana inaweza kupotea. Risiti ya dhamana iwekeni mahali salama, ndiyo itakayodaiwa mkirudishiwa kesi ikiisha.