Naombeni ushauri: Afisa mpya wa mpakani Kanada, mkataba wa hali bora unaisha nami bado niko kwenye majaribio

Mtoto wa Sengerema

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Niko Ontario. Nimemaliza mafunzo ya uafisa wa mipaka kule Rigaud, Quebec, nikapangiwa moja ya madaraja ya kuvukia kwenda Marekani. Kazi naipenda kweli.

Shida yangu ni hii. Mkataba wetu wa hali bora na serikali mwisho wake ni Juni 2026, na chumba cha mapumziko kizima hakuna habari nyingine. Wakongwe wanasema mazungumzo yakikwama tutafanya kama 2021. Mimi ndiyo kwanza niko kwenye kipindi cha majaribio. Nyumbani kuna wadogo zangu nawasomesha, na mama anatibiwa sukari. Mke wangu anasema nikae kando kabisa, watu wagombane wenyewe huko juu.

Naomba kujua: makato ya chama cha wafanyakazi yanaonekana kwenye hati ya mshahara, je, hiyo inatosha kuwa mwanachama? Pili, nimeambiwa nafasi yangu ni huduma muhimu, sasa mtu asiyeruhusiwa kugoma anagomaje? Tatu, wakisema tufanye kazi kwa kanuni, mimi wa majaribio nitapona? Natanguliza shukrani.

Kaka wa Mississauga

Sikiliza mke wako. Una familia mbili zinakutegemea, hapa na Bongo. Fanya kazi, pokea mshahara, nyongeza ikija itakukuta hapohapo.

Bi Tatu

Kaka hapo juu, nyongeza haijileti. Mwaka 2024 wale maafisa walikuwa wamekaa miaka miwili tangu mkataba wao wa zamani uishe, Juni 2022. Walipopiga kura ya mgomo, asilimia 96 wakasema ndiyo. Tarehe 11 Juni 2024, siku chache kabla ya mgomo kuanza, mapatano yakapatikana: asilimia 14.8 kwa miaka minne. Zaidi ya watu 9,000 walifaidika, wakiwemo waliokaa kando. Kama wote wangekaa kando kungekuwa na nini mezani?

Mwakilishi Mstaafu

Mdogo wangu, hongera kwa kazi. Nimekuwa mwakilishi wa chama kazini miaka mingi hapa Kanada, kwenye idara nyingine ya shirikisho lakini chini ya sheria hiyohiyo ya kazi. Nikujibu kwa utulivu.

Makato hayakufanyi mwanachama. Nchi hii, tangu uamuzi wa Jaji Ivan Rand mwaka 1946 baada ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa Ford pale Windsor, kila anayefaidika na mkataba hulipa ada, awe amejiunga au hajajiunga. Uanachama unaupata kwa kujaza kadi. Tofauti yake utaiona siku ya kura. Kura ya mgomo sheria inataka wafanyakazi wote wa kundi lenu wapewe nafasi ya kuipiga, lakini kura ya kuridhia mkataba ni ya wanachama. Maana yake, usipojaza kadi, watu wengine watakuamulia mshahara wako wa miaka minne huku wewe unalipa ada sawa na wao. Jaza kadi kesho asubuhi.

Huduma muhimu: kwenu karibu asilimia 90 ya maafisa wa mstari wa mbele wamewekwa humo. Kwa hiyo mgomo wenu haujawahi kuwa wa kufunga mpaka. Tarehe 6 Agosti 2021 maafisa waliingia kazini kama kawaida, ila kila gari na kila abiria akapitishwa kwenye taratibu zote jinsi zilivyoandikwa, bila ile kurahisisha ambayo watu wameizoea. Foleni zikavimba madarajani na viwanja vya ndege, na zilikuwa zimebaki siku tatu tu kabla ya mpaka kufunguliwa kwa Wamarekani waliochanjwa Korona. Usiku huohuo mapatano yakapatikana.

Hapa ndipo wageni wanapoteleza, kwa hiyo soma mara mbili. Kufanya kazi kwa kanuni na mgomo baridi ni vitu viwili. Sheria yenu inahesabu kupunguza kasi kwa makubaliano ili kazi isiende kuwa ni mgomo, na aliye huduma muhimu haruhusiwi mgomo. Kwa hiyo usizembee. Usiache dirisha, usijifanye kompyuta imegoma, usimzungushe mama mwenye watoto kwa maswali yasiyo na kichwa. Uliza kila swali ulilofundishwa Rigaud, kagua kila unachotakiwa kukagua, andika kila kinachotakiwa kuandikwa. Ukiulizwa kwa nini umechukua muda, jibu lako liwe kifungu cha mwongozo wa kazi. Na bosi akikupa amri halali ambayo huipendi, itekeleze kwanza, malalamiko uyaandike baadaye kupitia mwakilishi wako. Kijana wa majaribio anayebishana dirishani mbele ya abiria hata chama kitapata taabu kumtetea.

Mtoto wa Sengerema

Asante sana mzee wangu. Hapo kwenye majaribio ndipo moyo unapodunda. Si wanaweza kuniachisha bila sababu?

Mwakilishi Mstaafu

Kwenye majaribio ulinzi ni mwembamba, sikufichi. Wakisema hukufikia kiwango cha kazi, kupinga ni kugumu. Lakini kumwadhibu au kumfukuza mtu kwa sababu ya chama ni kosa kisheria, awe wa majaribio au wa miaka ishirini. Malalamiko ya namna hiyo yanapelekwa kwenye bodi ya mahusiano ya kazi ndani ya siku 90, na siku zikipita zimepita. Basi weka kumbukumbu zako: tathmini zako zote, barua pepe za pongezi, tarehe na majina ya waliokuwepo. Kama kuna mkusanyiko wa kutoa taarifa kwa umma, nenda ukiwa nje ya shifti. Hilo ni halali hata kwa huduma muhimu.

Mdau wa Tunduma

Nachangia kutoka nyumbani. Huku kwetu pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu chama chenye wengi kukubaliana na mwajiri kwamba hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala. Watu wanalalamika kukatwa lakini mkutano wa tawi hawaendi. Mimi nawaambia, kama hela imeshatoka mfukoni, ifuate.

Nesi wa Ottawa

Ndugu, mimi swali langu ni dogo. Mnadai nini hasa? Sisi raia tunasikia foleni tu.

Bi Tatu

Dada, mume wangu yuko kwenye kazi hiyo, kwa hiyo hili naliishi. La kwanza ni kulinganishwa na askari wengine. Maafisa wa mipaka wanabeba silaha tangu 2007, wanakamata bunduki na dawa za kulevya, lakini wanahesabiwa pamoja na watumishi wa ofisini. Polisi wa RCMP, yaani polisi wa shirikisho, hawakuwa na haki ya chama huru mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada ilipoamua hivyo mwaka 2015. Mkataba wao wa kwanza ulitoka 2021, na uliwapandisha sana. Tangu hapo maafisa wa mpakani wanauliza, kwa nini sisi hapana?

La pili ni kustaafu baada ya miaka 25 bila kukatwa pensheni. Shifti za usiku, vesti nzito, kusimama kwenye moshi wa malori, mgongo unaisha mtu angali kijana. Ila pensheni ya serikali kuu iko kwenye sheria, haijadiliwi kwenye meza ya mkataba. Ndiyo maana chama kimelipigania kwa wanasiasa miaka yote hiyo, na kwenye bajeti ya 2025 serikali ikaahidi kulishughulikia. Sengerema, wewe umeingia juzi, hili ni lako kuliko la mume wangu. Muulize mbunge wako limefika wapi.

Kaka wa Mississauga

Nimesoma yote. Suala la kadi nakubali, ajaze. Lakini bado nasema aweke akiba kabla ya Juni. Ahadi za chama hazilipi ada ya shule.

Mwakilishi Mstaafu

Akiba ni sawa kabisa. Ila ajue pia kwamba mkataba ukifika tarehe yake hayafutiki yaliyomo. Mshahara na masharti ya sasa yanaendelea wakati mazungumzo yakiendelea, na nyongeza ikikubaliwa kwa kawaida hurudi nyuma hadi tarehe mkataba wa zamani ulipoisha. Kwa hiyo asitishike akisikia "hatuna mkataba". Atunze hati zake zote za mshahara, siku ya kulipwa malimbikizo atazihitaji kuhakiki hesabu.

Mtoto wa Sengerema

Nawashukuru wote, na mke wangu nimemsomea. Amekubali kadi, mkusanyiko ameniambia tutaongea. Mzee, swali la mwisho: barua ya kunithibitishia kwamba nafasi yangu ni huduma muhimu naidai kwa nani, bosi au chama?

Mwakilishi Mstaafu

Mwajiri ndiye anayetakiwa kukupa taarifa hiyo kwa maandishi. Omba kwa barua pepe, nakala mpe mwakilishi wa tawi lako. Wakikuambia kwa mdomo, waandikie tena siku hiyohiyo uwarudishie walichosema.