Majirani Kigamboni: nyasi kwenye mchanga

Mama Asha: Habari za asubuhi majirani. Bwana Shamba, shikamoo. Nyasi zangu za pemba mbele ya nyumba zinanyong'onyea, katikati ina vipara, pembeni njano. Uwanja ni mita 10 kwa 10. Kuna lori la udongo mwekundu linauzwa, nimwage juu au nianze na urea?

Bwana Shamba: Marahaba mama. Lori liache kabisa. Udongo wa mfinyanzi ukimwagwa juu ya mchanga unagandamana, unakuwa tabaka gumu, mizizi inaishia humohumo juu. Tena udongo wa lori mara nyingi huja na magugu ya ndago, na ndago ikishajichanganya na pemba, kuimaliza ni shughuli.

Baba Sele: Urea nayo isubiri. Mchanga haushiki mbolea. Ukimwaga nyingi siku moja, majani yanaungua na inayobaki inazama na maji chini ya mizizi.

Mama Asha: Sasa nianzie wapi?

Bwana Shamba: Kwenye maji. Mwagilia, subiri saa moja, kisha chimba kwa kijiko pale penye kipara. Ukikuta juu kumelowa na chini ni vumbi, ujue mchanga unakataa maji. Mchanga uliokauka sana huvaa utando wa nta unaotokana na mabaki ya mimea, tone linakaa juu bila kuzama. Chukua uma wa bustani, choma matundu ya kina cha sm 10, yaachane sm 10 hadi 15. Halafu mwagilia kwa mikupuo: dakika 5, pumzika 15, rudia.

Baba Sele: Na kipimo ni makopo matupu manne uwanjani. Maji ndani yake yakifika milimita 15, funga mpira. Mchanga kama wetu, kila sentimita ya kina inashika takriban milimita 1 tu ya maji. Mizizi ikiwa imeshuka sm 15, kinachozidi hapo kinapotea. Kiangazi rudia kila siku ya pili au ya tatu, alfajiri.

Mama Asha: Hizo ni lita ngapi kwangu?

Baba Sele: 1,500. Simtanki la lita 1,000 na nusu yake.

Mama Asha: Mh, maji yenyewe haya ya kununua!

Bwana Shamba: Ndiyo maana mboji haikwepeki, ndiyo itakayoshika hayo maji. Tafuta samadi ya ng'ombe iliyoiva: haina harufu kali, ukipenyeza mkono katikati ya lundo hakuna joto. Ya kuku mbichi usiguse, inaunguza. Ichekeche kwa chekeche la mchanga wa plasta, umwage unene wa nusu sentimita. Kwa uwanja wako ni ndoo 25 za lita 20. Sambaza kwa mgongo wa reki mpaka iingie kwenye matundu ya uma. Ncha za majani lazima zionekane, ukizifunika nyasi zinaoza. Fanya hivyo kabla ya vuli na kabla ya masika, kila mwaka, kwa sababu kwenye joto letu mboji inaisha haraka.

Bi Mkubwa: Na njano je? Yangu nimeweka mbolea, bado njano.

Bwana Shamba: Shikamoo Bi Mkubwa. Angalia ni jani lipi. Yakianza majani ya zamani, ya chini, ni njaa ya naitrojeni: mbolea ya CAN kilo 1 kwa mita za mraba 100, kila wiki 6 wakati nyasi zinakua. Nusu irushe ukitembea kwa urefu, nusu kwa upana, majani yakiwa makavu, kisha mwagilia papo hapo. Lakini yakiwa machanga ndiyo njano na mishipa imebaki kijani, hapo ni upungufu wa chuma. Dondoshea siki kwenye mchanga mkavu. Ukitoa povu, una chokaa ya makombe na matumbawe, inayofungia chuma mizizi isikipate.

Bi Mkubwa: Marahaba mwanangu. Ni hayo machanga.

Bwana Shamba: Basi salfeti ya chuma, gramu 100 kwenye bomba la mgongoni la lita 15, inatosha mita za mraba 100. Piga jioni. Isiguse vigae wala pevingi, inaacha madoa ya kutu.

Baba Sele: Wenye visima vya chumvi, msinyunyize kidogokidogo kila jioni, chumvi inabaki juu na ncha za majani zinakauka. Hapo ndipo mnaruhusiwa kuzidisha ile milimita 15 mara mojamoja, ili chumvi isukumwe chini. Nyasi aina ya paspalum inavumilia chumvi kuliko pemba, ila chini ya mwembe pemba ndiyo inayostahimili kivuli.

Mama Asha: Vipara nivizibe vipi?

Bwana Shamba: Kata vipandikizi vya pemba yako mwenyewe, kila kimoja pingili 2 au 3, panda kwa nafasi ya sm 15, pingili moja iwe ndani ya mchanga wenye mboji. Hivyo vimwagilie kila siku mpaka vishike. Na mwambie kijana wa kukata asishuke chini ya sm 5, wala asiondoe zaidi ya theluthi kwa mkupuo. Pemba ikinyolewa chini, jua linapiga mchanga moja kwa moja.

Mama Asha: Nimeelewa. Uma na mboji wiki hii, CAN baadaye.

Bwana Shamba: Wiki mbili baada ya mboji. Chekeche lipo kwangu, tuma mtu alichukue.